Njano ya Kiu

Kalemie, tarehe 11 Februari 1981

Kwa mupwa wangu Hidaya,

Asalaam alaikum. Hapa Katanika tuko wazima. Mama yako Zabibu ni muzima, kifua hakimusumbui sana mwezi huu. Weye je? Unakula? Ao bado munalala wasichana wanne mu chumba cha wawili? Muntu aliyetoka Kisangani alituambia homa ni nyingi huko. Usilale bila shuka.

Ninakuandikia kwa sababu ya ng'ombe. Wako sita, na kama unavyojua hawatoki mu zizi, kwa sababu ya mbung'o. Kila asubuhi ninashuka bondeni, ninakata matete, ninawaletea kwa kichwa. Wanakula mpaka matumbo yanakuwa kama ngoma, lakini maziwa hakuna. Saburi, yule uliyekuwa unamukamua ukiwa mudogo, anatoa chupa mbili tu kwa siku. Watu wa hospitali wananiuliza maziwa ya wagonjwa, ninajificha. Tangu nilipoacha kazi ya bandari, ng'ombe hawa njo jina langu. Nikikosa maziwa, miye ni muzee wa kukaa tu.

Sasa mufanyabiashara mumoja wa Kigoma ameshusha mifuko ya mbolea nyeupe, inafanana na sukari, wanaiita urea. Anasema ukiiweka kwa matete, maziwa yatatoka kama maji mu robine. Nimemwambia angoje kwanza, nina mutoto anayesoma mambo ya udongo. Niambie ni kweli ao ni maneno ya soko.

Mama yako yuko hapa kando yangu. Anasema usikate nywele.

Miye mujomba wako,
Sulemani


Kisangani, tarehe 30 Machi 1981

Mujomba wangu mupenzi,

Wa alaikum salaam. Barua yako imenifikia jana, imechoka kama muntu aliyetembea kwa miguu. Miye ni muzima, homa ilinigusa ikapita. Nywele ziko.

Kwa habari ya mbolea: yule muntu wa Kigoma hakudanganya. Matete yakikomaa yanakuwa kama karatasi, ng'ombe anashiba lakini hapati kitu. Ndani ya urea kuna kile tunachoita azote, ni chakula cha majani. Majani yakiipata yanatoa jani laini, na protini inapanda, na protini njo inayotengeneza maziwa. Kazi yangu ya mwaka huu ni hiyo hiyo. Nina vipande kumi na viwili vya matete hapa chuoni. Vile vilivyopata urea vina protini karibu mara mbili ya vile vilivyokosa. Nimepima miye mwenyewe, mara tatu.

Ukimaliza kukata, mwagia kopo moja kwa kila hatua kumi za mustari, ufunike na udongo kidogo. Ungoje wiki tano ao sita, ndipo ukate tena. Utaniambia habari za Saburi.

Ni miye mupwa wako,
Hidaya


Kalemie, tarehe 22 Juni 1981

Mupwa wangu,

Salamu nyingi, na shukrani zaidi ya salamu. Saburi anatoa chupa tano. Madoa anatoa nne na nusu. Hata mutamba wetu, ambaye hajazaa bado, ngozi yake inateleza mukono. Matete yamefunga bonde lote, ukiingia haionekani hata kofia. Hospitali wanapata maziwa kila siku, na juzi daktari mwenyewe alinisimamisha njiani akanipa mukono. Nilimwambia: ni mutoto wetu, yuko Kisangani.

Mama yako tu njo haniachi na amani. Anasema majani haya ukiyakata yanatoa maji mengi, na usipoyatumia siku ile ile yananuka. Anasema ng'ombe wanaharisha, jambo hilo ni kweli kidogo. Anasema wanakula kwa pupa, hawatafuni vizuri. Amekataa maziwa mu chai yake. Wiki iliyopita, watu wakiwa kwenye mulango wa zizi na chupa zao, na jirani yetu Mama Pétronille akiwepo, Zabibu alisimama akasema, "Majani ya namna hii, siku moja yatatutoa kilio." Watu walicheka. Miye nilipata haya.

Mwambie kitu. Weye atakusikia. Ninamusomea barua zako zote.

Mujomba wako,
Sulemani


Kisangani, tarehe 9 Agosti 1981

Mujomba,

Nimesoma barua yako mpaka imeanza kupasuka kwenye mukunjo. Chupa tano! Nimewaonyesha wenzangu wote. Miye ni muzima, chakula ni kidogo lakini ninakuwa na furaha na furaha nayo inashibisha.

Musomee Mama hivi: Mama, hofu yako ni ya kizamani. Ulisema redio ya Mujomba itatuletea sauti za wafu, ikatuletea habari za mupira. Ng'ombe wanaharisha kwa sababu jani changa lina maji mengi, basi. Kunywa maziwa, yatakusaidia kifua.

Na weye Mujomba, usirudi nyuma. Ukiona majani yanaanza kuwa njano, ujue yana njaa ya azote. Ongeza mbolea.

Ni miye,
Hidaya


Kalemie, tarehe 3 Novemba 1981

Kwa Hidaya,

Asalaam alaikum. Ninaomba barua hii ikukute muzima. Sisi tuko hivyo hivyo. Sijui nianzie wapi, utanisamehe nikienda mbele na kurudi nyuma.

Saburi amekufa. Madoa amekufa. Mutamba naye. Wote watatu siku moja, tarehe 24 Oktoba, kati ya saa tano za asubuhi na alasiri.

Mwezi wa tisa bonde lilikauka mpaka udongo ukapasuka. Matete yakawa njano. Nilifanya kama ulivyoandika, niliongeza mbolea, mara mbili. Hayakukua. Ng'ombe walikula majani makavu ya ndizi na kidogo tu, mbavu zilianza kuhesabika. Kisha tarehe 19 Oktoba mvua ikanyesha, na kwa siku tano matete yaliinuka, Hidaya, yakawa kijani hata karibu na rangi nyeusi. Nilifurahi. Nilikata mizigo miwili mikubwa nikawatupia. Hawakuinua kichwa.

Kufika saa tano Madoa akaanza kutetemeka. Anahema kama muntu aliyekimbia kutoka bandarini. Ufizi wake ukawa wa rangi ya majivu. Akaanguka. Nilipokuwa ninamushika yeye, Saburi akaanguka nyuma yangu. Ng'ombe watatu wengine hawakupata kitu, majani yalikuwa yamekwisha, niliwapa migomba. Wanasimama mpaka leo.

Muganga wa mifugo yuko Moba, na gari hana. Sielewi. Juzi walikuwa wanang'aa.

Mama yako hayuko hapa. Ameenda Zongwe kwa mashua kusalimia watu.

Mujomba wako,
Sulemani


Kisangani, tarehe 20 Desemba 1981

Mujomba wangu,

Pole. Pole sana. Nililia kwa ajili ya Saburi mbele ya watu, sikujali. Ninakuombea nguvu.

Nimechanganyikiwa. Nilirudi mu vitabu vyangu, nikapima tena majani yangu, namba ni nzuri kama zamani. Hakuna mahali wameandika kwamba jani lenye protini linaua. Nilianza kufikiri labda ni ugonjwa, ao nyoka, ao muntu alitia kitu. Halafu ninafikiri wale watatu waliokula migomba, na kichwa kinasimama.

Kuna muzee mumoja mu laboratware yetu, Papa Omer, ameosha chupa na kupima majani hapa tangu miye sijazaliwa. Nilimusomea barua yako. Akaniuliza swali moja tu: "Damu ilikuwa rangi gani?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Uliza kwanza. Nisiseme kitu kabla ya kujua."

Basi ninakuuliza. Kama kuna muntu aliwachinja ao aliwapasua, damu ilikuwa rangi gani?

Na kitu kingine. Mama anaogopa maji. Kila mara akipanda mashua anatapika. Kule Zongwe anasalimia nani muda wote huu?

Mupwa wako,
Hidaya


Kalemie, tarehe 6 Februari 1982

Hidaya,

Salaam. Tuko wazima, miye na ng'ombe watatu.

Damu ilikuwa kama kahawa. Nilipoona Madoa anaenda, nilimwita muchinjaji wa musikiti amuwahi, nyama isipotee. Alipopitisha kisu, damu ikatoka nzito, rangi ya kahawa. Akarudi nyuma, akafuta kisu kwa majani, akasema, "Hii si damu ya kuliwa, Sulemani." Watu wote waliona. Njo damu ile iliyoleta mengine yote.

Mu barua iliyopita sikukuambia yote. Mama yako hakuenda kusalimia.

Watu walikuwa wamesimama pale mulangoni, wanaangalia ng'ombe watatu chini. Mama Pétronille akasema, si kwa sauti kubwa, "Lakini Zabibu alisema kilio kitakuja. Alijuaje?" Wote waligeuka wakaniangalia miye. Nikamuuliza mama yako, mbele yao: "Ulijuaje?" Akasema, "Niliona." Nikamuuliza aliona nini. Akasema, "Niliona majani." Nikamwambia muntu anayeona kifo mu majani njo aliyekiweka humo.

Mama yako alikuwa ameshika ndoo, akaiweka chini polepole. Nilimwambia atoke mu nyumba yangu. Alichukua mukeka na chungu kimoja, akangoja mashua siku mbili pale ufukoni, na miye nilijua yuko pale. Yuko Zongwe kwa mujane wa marehemu ndugu yetu.

Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na hofu ya damu ile. Hata sasa sijui ni nini niamini. Weye unasema protini. Watu wanasema uchawi. Mama yako hasemi kitu. Niambie Papa Omer amesema nini.

Sulemani


Kisangani, tarehe 15 Machi 1982

Mujomba,

Salaam. Hujambo na nyumba? Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikakaa chini.

Hakuna sumu ya muntu. Hakuna uchawi. Ni miye.

Papa Omer alisikia "kahawa" akafunga macho. Alieleza hivi, na nimeitafuta mu kitabu kingine, iko. Azote ikiingia mu mizizi haigeuki kuwa protini mara moja. Inapita kwanza hali nyingine, wanaiita nitrate, na jani linahitaji maji na jua na siku nyingi ili limalize kuigeuza. Wakati wa ukame jani limelala, haliwezi kazi. Weye uliongeza mbolea mara mbili, yote ikangoja mu udongo. Mvua ilipokuja, matete yalikunywa yote kwa pamoja, na siku ya tano yalikuwa yamejaa kitu kile bila kukigeuza, zaidi sana chini kwenye shina. Ng'ombe wenye njaa walikula bila kupumua. Mu tumbo la ng'ombe kitu kile kinakuwa kikali, kinaingia mu damu, na damu haiwezi tena kubeba hewa. Inakuwa kahawa. Walikufa wamekosa hewa, Mujomba, na pua zao wazi.

Matete yako hayakuwa na njaa. Yalikuwa na kiu. Njano ya kiu na njano ya njaa kwa macho zinafanana, na miye niliandika kama vile iko moja. Hakuna aliyenifundisha vile, nilijiandikia mwenyewe kwa sababu nilikuwa ninajisikia kwa kusifiwa.

Na zile namba zangu nzuri. Tunapima azote, tunazidisha, tunaita jibu protini. Hesabu ile haisemi azote imekaa mu jani kwa hali gani. Ninaangalia vipande vyangu kumi na viwili na sijui tena ninaona nini. Mama aliona maji mengi, aliona mavi, aliona pupa. Hakujua jina la kitu, lakini alikuwa anaangalia ng'ombe, na miye nilikuwa ninaangalia karatasi. Nikamwita wa kizamani, na weye ukamusomea.

Wale watatu: usiwape majani yaliyoinuka baada ya ukame mpaka zipite wiki tatu za mvua. Kata juu, uache shina. Changanya na majani makavu. Usiwape wakiwa na njaa kali. Mbolea kidogo, na udongo uwe na maji.

Ninakuomba kwa magoti. Soma barua hii mulangoni pa zizi, mbele ya wote waliokuwepo. Kisha umufuate Mama.

Hidaya


Kisangani, tarehe 30 Juni 1982

Mujomba,

Asalaam alaikum. Ninatumaini muko wazima.

Ni miezi mitatu na nusu. Sijui barua yangu imepotelea Kabalo kwenye treni, ao imefika. Kila muntu anayetoka upande wenu ninamuuliza. Mumoja alisema alikuona sokoni, una afya.

Mwezi ujao nitasoma kazi yangu mbele ya maprofesa. Nimeongeza sura moja juu ya ng'ombe watatu wa Katanika. Profesa mumoja anauliza kwa nini ninaharibu matokeo mazuri. Sijui nitamujibu nini. Usiku silali vizuri.

Kama umekasirika, andika kwamba umekasirika.

Hidaya


Kalemie, tarehe 12 Agosti 1982

Kwa mupwa wangu Hidaya,

Asalaam alaikum. Miye ni muzima, ng'ombe ni wazima. Ninaomba nawe uko hivyo, na maprofesa wamekusikiliza.

Barua yako ilifika mwezi wa nne. Niliisoma mara moja nikaiweka chini ya godoro, nikailalia miezi mitatu. Sikuwa nimekukasirikia weye. Nilikuwa ninafikiri: nikiisoma mulangoni, nitakuwa nani mu mutaa huu? Na kuna asubuhi niliamka ninasema labda Hidaya ameyatunga ili kumwokoa mama yake. Ninakuambia ujue.

Ilipofika ile ya pili, niliona haya. Niliwaita watu siku ya Ijumaa, nikasoma yote, hata mahali pa nitrate, ambapo ulimi ulinikataa. Wengine walitikisa kichwa. Muchinjaji alisema, "Basi njo damu ile ya kahawa." Mama Pétronille alisema mutoto anaweza kuandika lolote kwa ajili ya mama yake. Alisema maneno yangu mwenyewe ya chini ya godoro. Alikwenda na chupa yake ya maziwa kama siku zote.

Kesho yake nilipanda mashua. Zongwe nilimukuta Zabibu anaanika ndagala, samaki wale wadogo, juu ya muchanga. Amekonda, lakini kifua hakikoromi. Hakushangaa kuniona. Alinionyesha kigoda nikae, akaendelea kuanika. Nilimusomea barua yako pale pale, ndege wanatusumbua. Nilipofika mahali pa "nilikuwa ninaangalia karatasi," aliniambia nirudie. Nikarudia.

Nikamwambia, "Zabibu, umesikia. Ni mbolea. Si weye." Akasema, "Miye nilijua si miye." Nikamwambia hata Hidaya, na masomo yake yote, alikosea. Hapo njo aliacha samaki, akaniangalia. Akasema, "Hidaya hakujua majani. Weye ulinijua miye."

Nilimujua, mupwa wangu. Tulizaliwa mu nyumba moja. Nilimubeba mugongoni miye mwenyewe.

Nilikaa siku mbili. Alinipikia ndagala na ugali, alinitandikia mahali pazuri, alinipa maji ya moto ya kuoga. Tuliongea habari za marehemu, za bei ya chumvi, za kifua chake. Nilipotaja kurudi Katanika alisema samaki ni wengi msimu huu. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alicheka mara moja, nilipomwambia namna muchinjaji alivyorudi nyuma na kisu chake. Nilifikiri imekwisha, amenisamehe.

Asubuhi ya kuondoka nilikuwa ninafunga viatu nje. Nikamusikia ndani anamwambia mujane wa ndugu yetu: "Mufungie mugeni ndagala, mashua iko karibu."

Miye kaka yake.

Kapu ni kubwa, limejaa mpaka juu, ametia na majani ya ndimu yasinuke. Nusu ni yako, nitakupelekea na muntu wa treni. Tangu nirudi ninaliangalia. Sijui amenipa kama kaka, ao ni heshima tu ya kumusindikiza muntu wa mbali. Weye umesoma, lakini jambo hili sidhani liko mu vitabu.

Mwandikie weye. Kule kuna mwalimu wa shule, Isidore, atamusomea. Usiandike juu ya majani. Miye nitarudi huko mwezi ujao, na mwingine, mpaka nijue naitwa nani.

Mujomba wako,
Sulemani